Miguu Mikavu

Katika mswada hana jina.
Ameandikwa Mke wa Mfalme, basi,
kama unavyoandika "chumvi" kwenye orodha ya sokoni.
Nimeihesabu mistari yangu kwa kalamu nyekundu:
thelathini na tisa,
na kumi kati yake ni "Ee bwana wangu."
Mjumbe, anayekuja kutangaza kifo changu,
amepewa sitini na miwili.

Tunafanya mazoezi Kirumba, ukumbi wa ushirika,
madirisha wazi, harufu ya dagaa huingia bila tiketi.
Pazia ni kitenge na shuka mbili zilizoungwa.
Tendo la nne natoka kulia, sirudi tena.
Nakaa nyuma juu ya gunia, natafuna karanga,
nasikiliza ninavyokufa.

"Wivu," asema Mjumbe. "Kichaa cha kike!
Alifungua ghala la mfalme usiku,
akawagawia mtama watoto wa adui,
kisha, aibu ilipomshika, akajitosa ziwani."
Kijana huyu, Lugembe, ana sauti ya shaba;
hata mimi niliye hai, mdomo umejaa karanga,
huanza kumwamini.

Lakini wivu gani huo
unaopima pishi kwa pishi, gizani, bila kumwaga?

Nilimuuliza mwongozaji: Nani alimwona akijitosa?
Akacheka. "Holo, hii ni tanzia. Malkia hufia nje ya jukwaa.
Ndivyo ilivyo tangu kale."
Tangu kale.
Nikalitia neno hilo mfukoni,
likanichoma paja njia nzima hadi Pasiansi.

Maana nilikuwa na shangazi, Mbuke,
aliyetufundisha kuogelea kule Igombe,
kati ya mawe, kamba kiunoni,
akicheka tunapokabwa: "Meza, mwanangu, ziwa likujue!"
Alikuwa akipiga mbizi, akiibuka na kokoto mdomoni.
Asubuhi moja wavuvi wakamtoa kwenye magugu maji,
na wanaume watatu wakasimama uani
wakasema kwa zamu, kama waliokariri:
alikuwa na wivu,
alikuwa na mawazo,
alijitosa.
Watu wakaitikia, "Ndivyo." Chai ikaletwa.
Bibi peke yake hakuitikia.
Alikuwa akitazama viatu vya mkwewe
vilivyoanikwa ukutani, soli juu.

Jumamosi ukumbi ulijaa.
Wachuuzi wa mwaloni walikaa mbele, beseni mapajani.
Tendo la nne nikatoka kulia, kama ilivyoandikwa.
Mjumbe akaingia, akapiga magoti, akavuta pumzi.

Nikarudi.

Sikusema neno. Pale sina mistari, na mswada nauheshimu.
Nikaketi ukingoni mwa jukwaa na pishi yangu
nikaendelea kupima mtama,
miguu ikining'inia,
mikavu, ina vumbi la Kirumba hadi kwenye vifundo.

"Mawimbi yakamfunika," akasema Lugembe. Akaniona.
Akameza mate. Akasema tena, "yakamfunika."
Nyuma ya pazia mwongozaji akaniita kwa kunong'ona,
Holo, Holo,
walau mimi nina jina la kuitwa.

Ndipo mama mmoja wa safu ya kwanza,
magamba ya sato yangali yanang'aa kiganjani,
akasimama. Hakuwa na hasira.
Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza bei:
"We kijana. Ulikuwepo?"

Ukasikika mtama ukidondoka.
Lugembe akafungua mdomo.
Ilikuwa imebaki mistari ishirini na minne.